Maji ya mto hayapotei baharini

Upo usemi ambao sisi waandishi wa habari tunausikia mara kwa mara katika semina na warsha. Bwana mmoja husimama na kusema kwamba mito yetu inapoteza maji baharini, na kwamba kila lita inayofika pwani bila kuzungusha mtambo au kunywesha shamba ni hasara kwa taifa. Aghalabu watu humpigia makofi. Leo napenda kumpinga, na shahidi wangu ni kiumbe mwenye urefu wa milimita tatu au nne: mtoto wa samaki aliyetoka kwenye yai jana.

Tuanze jikoni. Chukua yai la kuku, litie katika glasi ya maji ya bomba. Litazama. Koroga humo chumvi vijiko kadhaa, na yai hilo hilo litapanda juu. Mayai ya samaki wengi wa baharini huelea kwa sababu hiyo hiyo: maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Chumvi ikipungua, yai huzama, na huko chini huweza kukutana na matope na uhaba wa hewa.

Hilo ni la kwanza. La pili limo ndani ya mwili. Bahari ya Hindi ina chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita ya maji. Dripu ya maji ya chumvi anayotundikiwa mgonjwa hospitalini ina gramu 9 kwa lita, kwa kuwa hicho ndicho kiwango kinachopatana na damu yetu. Damu ya samaki haiko mbali na hapo. Chumvi yake ni kama theluthi moja ya ile ya bahari. Kwa hiyo samaki wa baharini anaishi katika maji yanayomnyonya maji ya mwilini usiku na mchana, na yule wa mtoni anaishi katika maji yanayotaka kumwingia na kumjaza.

Samaki mkubwa hulimudu jambo hilo kwa matamvua na figo. Lakini mchanga wake, ambaye wataalamu humwita lava, hana matamvua yaliyokomaa. Kazi ya kusawazisha chumvi hufanywa na chembehai maalumu zilizotawanyika katika ngozi yake. Kazi hiyo inataka nguvu, na nguvu ya lava hutoka katika akiba moja tu, yaani kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Ni posho ya siku chache.

Chumvi ikiwa ya kadiri yake, posho hiyo hujenga macho, kinywa na mapezi. Ikizidi au ikipungua kupita kiasi, sehemu kubwa huishia katika kupambana na maji. Lava hudumaa, pengine hupinda mgongo, na siku ya kuanza kujitafutia chakula humkuta hana nguvu ya kukifukuza. Samaki mzima angehama. Huyu hupelekwa na mkondo tu. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa lava pia, badiliko dogo la maji ni badiliko la dunia nzima.

Pengine mtasema hayo ni mambo ya maabara. La hasha. Kaskazini mwa Ulaya kuna Bahari ya Baltiki, iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Mito mingi humwaga maji humo, hata chumvi ya juu katika sehemu za kati ni kama gramu 7 tu kwa lita. Humo huishi samaki aitwaye kodi, naye hana undugu na kodi ya mapato. Kwa kodi wa mashariki mwa bahari hiyo, yai halirutubiki vyema chumvi ikiwa chini ya gramu 11, nalo huelea panapo gramu 14 hivi. Basi mayai hushuka hadi kwenye maji mazito ya kilindini.

Balaa ni kwamba huko kilindini hewa huisha. Hurudi pale tu dhoruba zinaposukuma maji mengi ya chumvi kutoka Bahari ya Kaskazini kupitia milango ya Denmark, kama ilivyotokea mwaka 1993, 2003 na 2014. Katika miaka ya kungojea, mayai mengi hufa. Ongeza juu yake uvuvi wa kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wa huko walikuwa wakitoa zaidi ya tani laki tatu za kodi kwa mwaka. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulilazimika kusimamisha uvuvi wa kodi wa mashariki mwa Baltiki.

Shida ya kule ni chumvi haba. Hapa kwetu hofu iko upande wa pili: mto ukipungua nguvu, chumvi ya bahari hupanda nayo.

Mfikirieni mwatiko. Mama hutaga nje, penye chumvi kamili ya bahari. Yai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Baada ya wiki mbili au tatu mtoto hufika ufukweni, huingia katika vijito vya mikoko na kukulia humo kabla ya kurudi baharini. Mwatiko, kusema haki, ni mvumilivu. Akishafika kwenye mikoko huweza kustahimili chumvi nyingi na chumvi kidogo, na ndiyo sababu wafugaji wa samaki wa pwani wanampenda. Lakini si majirani zake wote wana uvumilivu huo. Zipo aina nyingi za samaki ambao wakiwa wadogo hukua vizuri zaidi katika maji ya kati, ya gramu 8 hadi 20, kwa kuwa hapo chumvi ya nje hukaribiana na ya damu na posho haipotei bure. Maji ya namna hiyo huchanganywa na mto unapokutana na bahari.

Sasa twendeni Pangani. Mto huo hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru, hupita katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, kisha katika mitambo ya Hale ya mwaka 1964 na ule wa New Pangani Falls wa mwaka 1995. Njiani yapo mashamba ya miwa, mpunga na maua. Kila mmoja huchota fungu lake. Wa mwisho katika foleni ni watu wa mlangoni mwa mto, ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba maji ya chumvi yanapanda mtoni na kudhuru mashamba na minazi yao.

Mnazi ukikauka, mkulima anauona. Lava akifa hakuna anayemwona. Mvuvi hupata habari zake miaka miwili au mitatu baadaye, nyavu zinapotoka tupu, na hapo lawama zote humwangukia yeye kwa kuvua ovyo. Wakati mwingine anastahili lawama hizo. Lakini si zote ni zake.

Na sasa tunayo Rufiji, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote nchini, hekta zipatazo 50,000. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Mimi si adui wa umeme. Bila umeme sauti hii isingewafikia. Lakini bwawa hubadilisha wakati wa maji pia, si wingi wake tu. Samaki na kambamiti wanaokulia kwenye mikoko wamezoea kalenda ya masika na kiangazi, hawaijui kalenda ya mitambo.

Sheria tunazo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitanguliza mahitaji ya binadamu, na mazingira yakafuata. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka iwepo akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa viumbe wa majini. Ombi langu ni kwamba katika kupanga akiba hiyo, mlango wa mto uhesabiwe kuwa sehemu ya mto.

Wenzetu wa California walipata njia. Tangu mwaka 1995, mamlaka za maji katika Ghuba ya San Francisco hupima ni wapi chumvi ya karibu na sakafu ya maji inafikia gramu 2 kwa lita, na kutumia alama hiyo kuamua mto uachiwe maji kiasi gani kati ya Februari na Juni. Sisi tunaweza kuanza kwa udogo. Kipo chombo cha kupimia chumvi kinachoingia mfukoni, nacho hutaka tone moja tu la maji. Vikundi vya wavuvi vya Pangani na Rufiji vipewe chombo hicho, wapime kila juma mahali pale pale, na hesabu zao zifike katika ofisi za bonde la mto kabla ya kibali kingine cha kuchota maji kutiwa sahihi.