Badala Yetu

Mwaka 1941, katika kambi ya Auschwitz huko Polandi, askari wa Hitler walichagua wafungwa 10 wafe kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, akawalilia mkewe na watoto wake. Ndipo padre Maximilian Kolbe akajitokeza, akaomba kufa badala yake, akakubaliwa. Gajowniczek aliishi hata mwaka 1995.

Lakini mtu yule hakuwa na hatia. Sisi tunayo. Mfano wetu hasa ni Baraba, mwuaji aliyefunguliwa Bwana Yesu akasulubiwa. Tena Kolbe aliweza kuahirisha kifo tu. Bwana wetu aliichukua hukumu yenyewe, ikaisha. Mbona basi tungali tunajaribu kuilipa kwa sadaka na kufunga kwetu?