Sabrun Jamil: Uzuri wa Allah Ndani ya Dhiki

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana, Kinango, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu yangu, dada yangu katika imani, leo nataka tuongee jambo ambalo twalipita mbio sana katika mihadhara yetu. Kila Ramadhan twaambiwa tusubiri. Mtu akifiwa, aambiwa subiri. Akikosa karo, subiri. Ng'ombe wakimuishia, subiri. Neno lenyewe limekuwa kama peremende ya kumnyamazishia mtoto. Hebu tuulizane: hiyo subira ni ipi? Na huo uzuri wa Allah ambao twaambiwa umo ndani ya dhiki, uko wapi hasa?

Nawauliza nyinyi wa Kinango kwa sababu dhiki hamkuisoma kitabuni.

Miaka tuliyoiona

Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Februari 2017, ikatangaza tena Septemba 2021. Kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika sehemu nyingi kavu za Kenya na nchi jirani. Kwale nayo ilikuwemo. Na Kwale si moja. Ukiwa Diani au Msambweni waona minazi na kijani, ukivuka Shimba Hills kuja huku kwetu, waingia nyika. Ramadhan ya mwaka 1443, iliyoingia mwanzoni mwa Aprili 2022, ilitukuta katikati ya hali hiyo. Mtu afunga, na akifuturu hana uhakika wa daku. Kisha mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Nino, ikapitiliza, ikakata barabara na kuharibu makazi katika Pwani yetu hii.

Sasa katika hali kama hiyo hujitokeza watu wawili. Wa kwanza asema: hii ni adhabu, nyinyi watu wa hapa mmemkosea Mungu. Wa pili asema: usilie, kulia ni udhaifu wa imani. Wote wawili huongea kwa jina la dini, na wote wawili wamtwika mwenye mzigo mzigo mwengine.

Yaqub (A.S.) alilia

Tuanze na huyu wa pili. Nabii Yaqub (A.S.) alipoletewa kanzu ya mwanawe Yusuf imepakwa damu ya uongo, alitaja maneno mawili ambayo kila mtoto wa madrasa ayajua: sabrun jamil. Kwa kawaida twafasiri "subira njema", na ni sawa. Lakini jamil ni neno la uzuri, linatokana na jamaal. Yaani ni subira iliyo nzuri, yenye kupendeza.

Basi soma Suratu Yusuf mpaka mbele. Baada ya miaka, mwanawe mwengine naye akazuiliwa Misri, na Yaqub akayarudia maneno yale yale. Halafu je? Akahuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe walipomsema, aliwajibu kuwa masikitiko yake na huzuni yake amshitakia Allah.

Umeona, ndugu yangu? Mwenye subira nzuri ni huyo huyo aliyelia. Mtume wetu (S.A.W.) naye alitokwa na machozi mtoto wake Ibrahim alipokuwa akikata roho. Kwa hivyo uzuri wa subira hauko katika kukausha macho. Uko katika kujua machozi yako wayapeleka wapi.

Na huyu wa kwanza, wa adhabu, twamuuliza: wewe umejuaje? Nabii Ayyub (A.S.) aliguswa na madhara makubwa, na alikuwa mja mwema. Suratul Baqara, aya ya 155, yatueleza kwamba waumini watajaribiwa kwa hofu, njaa na upungufu wa mali, watu na matunda, kisha wenye kusubiri wapewe bishara. Istighfari twaihitaji sote, lakini kila mtu aanze na nafsi yake. Haikuletwa ili tumnyooshee kidole mwenye njaa.

Swala mbili zinazofanana

Fikiria swala ya kuomba mvua, istisqaa. Katika fiqhi yetu ya Kishafi ni rakaa mbili kama za Idd, na takbira zake ni zile zile: saba katika rakaa ya kwanza na tano katika ya pili. Tofauti ni kwamba Idd twavaa kanzu mpya na kujitia manukato, ilhali istisqaa twatoka na nguo za kawaida, kwa unyenyekevu. Katika khutba, mahali pa takbira za Idd hushika istighfari. Wanavyuoni wetu wamependekeza watolewe wazee na watoto, na hata wanyama wapelekwe uwanjani.

Angalia uzuri huo! Siku ya furaha na siku ya kuvunjika moyo, mlango wa kuingilia kwa Mola ni mmoja. Na wale ambao dunia huwaweka nyuma, mzee asiyejiweza na mnyama aliyekonda, siku hiyo ndio watolewao pamoja na imamu.

Tena iko hadithi qudsi aliyoipokea Imam Muslim. Siku ya Kiyama Allah atamuuliza mja kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa, na mja atashangaa. Ataambiwa kwamba fulani aliugua, na lau angelimtembelea, angelimkuta Allah kwake. Wallahi, tukiulizwa Allah apatikana wapi wakati wa dhiki, jibu ni hilo.

Silanga likikauka

Mimi sisemi ukame ni mzuri. Mzoga wa ng'ombe hauna uzuri, na mtoto aliyelala na njaa si pambo la mtu. Lakini nyote mwalijua silanga. Likiwa limejaa, hakuna awezaye kulichimba. Kila msimu maji huingia na tope, tope latua chini, kina chapungua, nasi juu twaona maji tu, twafurahi. Likikauka ndipo tope linaonekana. Ndipo watu hushika majembe, pauro na makarai. Mvua ikirudi, silanga lililochimbwa laweka maji zaidi. Lisilochimbwa lafurika upesi, na likakauka upesi.

Moyo nao ni hivyo hivyo. Wakati wa raha tope hujaa chini kwa chini: kiburi, kusahau jirani, swala ya mazoea. Dhiki yalifunua. Lakini kufunua si kuchimba! Silanga halijichimbi lenyewe, na dhiki peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema. Wako waliotoka humo na uchungu tu. Tena silanga halichimbwi na mtu mmoja.

Basi, ndugu msomaji, Ramadhan hii fanya mambo matatu. Kwanza, amka usiku umtajie Allah huzuni yako kwa jina lake, kama alivyofanya Yaqub. Pili, kabla ya Idd mtembelee mgonjwa mmoja au mtu aliyevunjika moyo, na ukifika usimhubirie, keti, msikilize. Tatu, zakatul fitri, ile pishi ya takriban kilo mbili na nusu, ifikishe mwenyewe mlangoni kwa mwenye haki kabla ya swala ya Idd, usimngoje mama wa watu aje kupanga foleni.

Ewe Mola, wafariji waliovunjika nyoyo, tupe mvua yenye manufaa isiyo na madhara, na utujaalie subira iliyo nzuri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.