Namba kama Ishara: Sarufi ya Misimbo ya Masomo



Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba ishara hupata thamani yake kutokana na uhusiano wake na ishara nyingine za mfumo uleule. Kanuni hiyo inazihusu pia namba za masomo.

Na achukuliwe mwanafunzi wa Mkonze, Dodoma. Katika mitihani ya taifa ya miaka ya 2010, Kiswahili cha kidato cha nne kilikuwa 021, na cha kidato cha sita 121. Historia ilikuwa 012 na 112. Fizikia 031 na 131. Tarakimu ya kwanza ilionyesha ngazi, ya pili kundi la masomo, ya tatu somo lenyewe. Hiyo ni sarufi kamili, nayo, kama sarufi zote, ina vighairi: Biashara ilikuwa 061, kisha 152.

Mwanafunzi huyo akiingia chuo kikuu nchini, hukuta herufi za idara zikifuatwa na tarakimu, ambapo ya kwanza kwa kawaida huonyesha mwaka wa masomo. Vyuo vingi vya Marekani navyo huanzia 100 kwa kozi za awali, hupanda hadi 400 kwa shahada ya kwanza, na aghalabu 500 na kuendelea huwa za uzamili. Hata hivyo, Marekani haina mamlaka moja ya kitaifa inayopanga namba hizo. Vyuo vingine hutumia tarakimu nne. Jimbo la Florida limeweka mfumo wa pamoja wa herufi tatu na tarakimu nne, kama ENC 1101, ili anayehama chuo asirudie alichokwisha kusoma.

Hatari hujitokeza pale namba inapovuka mipaka bila sarufi yake. Katika vyuo vingi vya Marekani, Kiswahili 101 ni kozi ya anayeanza kujifunza salamu na ngeli. Katika idara ya Kiswahili ya chuo cha Tanzania, kozi ya mwaka wa kwanza humtambulisha mwanafunzi kwa isimu au fasihi, naye ni mjuzi wa lugha aliyekwisha kupita kidato cha sita. Msomaji wa hati ya matokeo aliye ng'ambo, akiona tarakimu pekee, aweza kuidhania fonolojia kuwa somo la "hujambo", na mwanafunzi wa Mkonze akapoteza mwaka mzima pamoja na karo yake.

Kwa mantiki hiyo, idara za Kiswahili zina wajibu wa kuambatisha kwenye kila hati maelezo ya kozi: maudhui, saa za kufundishwa, lugha ya kufundishia na masharti ya kujiunga. Neno lisilojulikana humfanya msomaji aulize maana yake. Namba humdanganya kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kila mtu hudhani anaifahamu.