Sketi ya Ngozi na Ushanga: Utaalamu wa Mama wa Kibarbaig



Mwanamke wa Kibarbaig aliyeolewa huvaa hanang'weanda, sketi ya ngozi iliyotiwa ushanga. Astrid Blystad wa Chuo Kikuu cha Bergen ameeleza jinsi vazi hili linavyofungamana na Udameselgwa, roho wa kike ambaye wanawake humwomba uzazi. Mimi leo naliita kazi ya kitaalamu, maana hapa Singida nimechoka kusikia likiitwa ushamba.

Tuanze na ngozi. Ikiachwa ikauke yenyewe, nyuzi zake hugandamana na kuwa ngumu kama ubao. Ndiyo maana huwambwa, ikaparwa, ikapakwa mafuta, ikafikichwa kwa saa nyingi: mafuta yapenye kati ya nyuzi kabla hazijashikana. Utaalamu kama huu upo hata mbali na kwetu: Waktunaxa, wenyeji wa milima iliyo mpakani mwa Kanada na Marekani, hushona viatu laini vya ngozi ya kulungu. Wao hutumia ubongo wa mnyama, wenye mafuta yanayochanganyika na maji, kisha huifukiza ngozi moshi ili hata ikilowa ibaki laini. Hii ni kemia, ndugu zangu, na mabingwa wake hawakusubiri maabara.

Ushanga nao ulitoka mbali. Vishanga vya kioo vya Venice, na baadaye vya Bohemia, viliwafikia Waktunaxa kupitia wanunuzi wa ngozi za manyoya. Mmoja wao, David Thompson, alijenga kituo cha biashara nchini mwao mwaka 1807. Huku kwetu viliteremshwa Unguja, vikavuka hadi Bagamoyo, vikabebwa na wapagazi kuingia bara. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita njia ya Tabora mwaka 1857, aliorodhesha aina nyingi za ushanga, ukiwamo ule mwekundu, samisami, uliopewa jina la kivunja mji kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Mfanyabiashara aliyeleta rangi isiyotakiwa alikwama na mzigo wake. Kwa hiyo aliyeamua ni mshonaji wa bara, na tanuru la Ulaya lilimfuata yeye.

Mwaka 1967 na 1968 Serikali iliendesha kampeni mkoani Arusha kuwataka Wamasai waache mavazi yao ya jadi. Hanang', wanakoishi Wabarbaig, wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa huo. Nia ilikuwa maendeleo. Lakini kumwambia mtu vazi lake ni aibu ni kumwambia pia kwamba maarifa ya mama yake hayana thamani. Hilo halikuwa sahihi.

Makumbusho mengi duniani huandika kabila, ngozi, ushanga, basi. Jina la mshonaji halipo. Wanafunzi wa historia mlioko hapa, wafuateni akina mama wa Mkalama na Iramba wangali hai. Ombeni ruhusa kwanza, kwani yapo mambo ya vazi hili yasiyosemwa mbele ya wanaume. Kisha andikeni nani alishona, nani alimfundisha, ngozi ilitoka zizi gani na ushanga ulinunuliwa mnada upi.