Makala Mawili, Shamba Moja



Mtafiti akichapisha utafiti uleule wa nyasi za malisho katika majarida mawili, kwa kawaida makala ya pili huondolewa. Matokeo yenyewe huenda ni ya kweli. Kasoro iko kwenye hesabu: shamba moja la majaribio linaonekana mawili, na nyasi iliyojaribiwa mara moja inasifiwa kama iliyothibitika mara mbili. Hapa kwetu, penye vishamba vidogo na ng'ombe wa bandani, anayeng'oa nepia kwa sifa hizo huhatarisha maziwa yake. Tena ugonjwa wa kudumaa husafiri ndani ya vipande vya kupanda. Afisa wa kilimo aulizwe kwanza: jaribio lilifanyiwa wapi, misimu mingapi?