Mwalimu, sikiliza pande zote mbili

Ndugu wasikilizaji wa Basoko, wa Kisangani na wa kando zote za mto, leo tunazungumza na vijana wetu wanaosomea ualimu wa historia, jiografia na elimu ya uraia, na hasa wale wa ISP wanaojitayarisha kwenda staji katika mashule ya sekondari.

Neno letu linatoka Mithali 18, mstari wa 17. Pale Maandiko yanatuonya juu ya mtu anayetangulia kusema barazani: maneno yake yanaonekana kuwa ya haki, mpaka mwenzake anapofika na kumwuliza.

Neno hili lina mfano wake hapa kwetu. Tarehe 1 Februari 1877, Stanley, akitelemka na mto kutoka maporomoko ya Boyoma, alifika pale Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa. Katika kitabu chake aliandika kwamba mitumbwi 54 ya vita ilimjia, ngoma zikilia, na kwamba alipiga risasi kwa kujitetea. Dunia nzima ilisoma maneno hayo.

Lakini Basoko ilikuwa na neno lake. Miaka mingi baadaye, Mojimba, chifu wa Basoko, alimsimulia Padri Joseph Fraessle mambo ya siku ile. Alisema walisikia kwamba mtu mweupe anakuja na mto, wakafikiri ni ndugu yao aliyekufa majini na sasa anarudi. Wakatayarisha karamu, wakavaa mapambo, wakapiga ngoma, wakaingia mitumbwini kwenda kumpokea. Jibu lake lilikuwa risasi. Watu wakaanguka mtoni, na vijiji vikavamiwa.

Ngoma ni zilezile, mitumbwi ni ileile. Mmoja aliona vita, mwingine alisema ilikuwa furaha ya kumpokea ndugu.

Sasa wewe kijana, umesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, mwalimu wako wa staji amekaa nyuma anaandika. Ukisoma neno la Stanley peke yake, mtoto wa Basoko atajifunza kwamba babu yake alikuwa mnyama wa kuogopwa. Ukisoma la Mojimba peke yake, bila swali, umemzoeza mtoto kuamini kila anayesema kwa ajili ya watu wake. Weka yote mawili ubaoni. Uliza wanafunzi: Nani anasema? Alikuwa wapi siku ile? Aliandika au alisimulia lini? Alikuwa akiwaambia nani? Je, kuna jambo ambalo wote wawili wanakubali? Wote wanakubali kwamba risasi zilipigwa. Stanley mwenyewe aliandika kwamba watu wake walichukua pembe za ndovu kijini. Anzia hapo. Kusikiliza pande mbili si kusema kwamba kila kitu ni sawa. Ni kutafuta ukweli kwa uvumilivu.

Kwa nini kanisa linajali jambo hili? Kwa sababu si la zamani tu. Tangu mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umemwaga damu katika jimbo letu la Tshopo. Nyumba zimechomwa, na wengi wamekimbia kutoka Lubunga na kuvuka mto. Watoto wa pande zote mbili wanaweza kukaa leo kwenye benchi moja. Kila mmoja ametoka nyumbani na habari moja, ile ya mama yake aliyelia. Mwalimu aliyezoea habari ya upande mmoja atawasha moto. Aliyezoea kuuliza atawasaidia kusikilizana.

Enyi walimu wa ISP, msiwafundishe vijana kujaza fishi ya matayarisho tu. Wafundisheni kuuliza. Enyi maprefe, mkipokea mwanastaji, msimwachie darasa ili mpumzike. Kaeni, mwangalieni, mmrekebishe kwa upole. Na ninyi wazazi, mtoto akirudi na swali juu ya mambo ya wazee, msimpige. Mpelekeni kwa mzee anayekumbuka.

Tuombe: Ee Mungu, uliyewapa wanadamu masikio mawili, wape walimu wetu ujasiri wa kusema kweli, na moyo wa kumngoja yule ambaye hajasema bado. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.