Kagua mahindi kabla ya mbelewele

Leo tuko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Mbeya hadi Njombe, ambako mvua na umande hustawisha kuvu wa madoa ya kijivu kwenye mahindi.

Kwanza, jambo hili linamhusu nani? Kila anayekula ugali. Ugonjwa huanzia majani ya chini, kwa madoa marefu yanayofuata mishipa ya jani. Ugonjwa ukipanda hadi majani yaliyo jirani na hindi, punje hukosa chakula, magunia hupungua. Ndiyo maana mkulima apite shambani kila wiki kabla ya mbelewele, akague hadi katikati, si kingoni tu.

Sasa tugeukie upande wa pili. Dawa ya ukungu ni ghali. Kwa ekari moja huenda isirudishe gharama. Mabua yaliyobaki shambani huhifadhi kuvu, lakini pia hulinda unyevu wa udongo. Mbegu stahimilivu husaidia, na kubadilisha zao pia, ila mwenye kishamba kimoja atakula nini akiacha mahindi?

Basi tujiulize: mkulima mdogo akiyaona madoa hayo leo, ni nani atakayemfikia kwa ushauri kabla hayajapanda juu?